Sekunde Saba

Machi, Dundee. Saa ya mkononi inasema sita,
mimi nasema kumi na mbili alfajiri,
na ukungu wa bahari umepanda Mto Tay
ukameza daraja la reli, nguzo baada ya nguzo.
Nafunga raba, fundo mara mbili:
Oktoba kamba ilinifungukia katikati ya mbio,
na tangu siku ile siamini fundo moja.

Dakika ishirini na tano na sekunde saba.
Hiyo ndiyo rekodi yangu ya kilomita tano.
Imeandikwa kwa kalamu nyekundu mlangoni mwa friji
chini ya ratiba ya zamu, kule tunakofua mashuka ya hospitali.
Sekunde saba! Piga chafya mbili, zimekwisha.
Tafuta ufunguo mfukoni, zimekwisha.
Mtajie karani jina lako, Tatu Mbaruku Shekiondo,
naye akuombe uliendeleze herufi kwa herufi:
hapo umezipita mbali.

Kazini wananiambia, "Wewe utashinda tu,
nyie mmezaliwa mkikimbia."
Mimi nimezaliwa Muheza, na pumu yangu.
Siku ya michezo niliketi kivulini na saa ya mwalimu
nikiwapimia wenye mapafu.
Katika ukoo wetu mzima
mwanariadha alikuwa kidole changu gumba.

Jumatano, uwanjani: mita mia nne, mara nane,
pumziko dakika moja na nusu,
ambayo Elspeth huifupisha kwa makusudi, naapa.
Ana miaka sabini na mmoja.
Mama yake alifuma magunia ya juti
katika kiwanda ambacho leo ni nyumba za kupanga.
Nikamwambia baba yangu alikata mkonge.
"Basi sote watoto wa kamba," akasema,
"na kamba kazi yake kuvutwa,"
akachomoka kabla sijamaliza kucheka.
Mzunguko wa tano nilimfikia.
Wa sita akanipoteza.
Wa saba siukumbuki.
Wa nane nilitapika chai nyuma ya kibanda cha vifaa.

Eti mwenda pole hajikwai.
Nimejikwaa nikienda pole kabisa,
Jumapili, mwendo wa mtu na maongezi yake,
kwenye mzizi pale Magdalen Green.
Kovu la goti lina umbo la korosho.

Jumamosi, saa tatu na nusu, upepo wa magharibi.
Mtoto mwenye kofia ya sufi anapuliza filimbi.
Kilomita ya kwanza, nne na hamsini na moja: ujinga.
Ya pili, nne na hamsini na nane.
Ya tatu ina mwinuko ambao kwenye ramani haupo,
tano na kumi na mbili, na mbavu zinanidai.
Ya nne, tano na tatu.
Nikapiga hesabu nikikimbia, mimi niliyefeli hesabu:
zimebaki nne na hamsini na tano, zisizidi hata moja.
Elspeth yuko mbele, soksi zake za manjano,
kulia, kushoto, kulia,
nikazishika kwa macho kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi gizani.
Sikuona mto. Sikuona watu.
Kifua kikalia filimbi yake ya zamani.
Nikapita mstari, nikabonyeza kwa gumba lile lile.

Ishirini na tano kamili.
Si pungufu, si zaidi.
Nilikuwa nimeapa *chini ya*.
Nikakaa kwenye nyasi mbichi, nikalowa suruali,
na Elspeth akanipa nusu ya ndizi
bila neno, kama mfiwa.

Nikampelekea kaka yangu Semboja ujumbe.
Akajibu kutoka Muheza: "Hongera sana, dada.
Ila nani alikuwa anakufukuza?"

Sijamjibu. Mashine zinazunguka, mashuka yanagongana,
namwona msichana yule kivulini,
kidole juu ya kitufe,
ananitazama nikija.

Jumatano ni mara tisa, Elspeth amesema.
Inhela imebaki pumzi chache; ninunue nyingine.